Kikombe Kilekile, Chumvi Nyingine

Jikoni mwa hospitali walimwita Jicho, na jina hilo alilipenda kuliko alivyoonyesha. Alikuwa amepika pale miaka ishirini na mitatu, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyemwona akifungua kitabu cha mapishi wala akihesabu kwa vidole. Alitazama sufuria, akatazama gunia, akachota. Wali wa watu mia moja na ishirini ulitoka punje kwa punje. Mkate uliumuka ukakaa juu ya ukingo wa chombo chake kama mtu aliyeegemea dirisha. Wapishi wapya walisimama nyuma yake wakijaribu kuiba ujuzi, wakaondoka na harufu tu.

Ukweli, ambao yeye mwenyewe aliujua na hakuona sababu ya kuutangaza, ni kwamba hakupima kwa jicho hata siku moja. Alipima kwa kikombe. Kilikuwa kikombe cha bati cha robo lita, kimebonyea ukingo upande mmoja, alichokikuta siku yake ya kwanza kazini kikiwa kimetupwa ndani ya pipa la mchele. Supu ya wodi nyingine zote ilikuwa kikombe kimoja cha chumvi. Sufuria ndogo ya wodi ya shinikizo la damu ilikuwa vijiko viwili, basi. Kikombe kilijua, mkono ulijua, na yeye aliacha vijuane.

Miezi minne kabla ya haya ninayosimulia, aliletwa mtaalamu wa lishe. Binti mwembamba, mpole wa sauti, mgumu wa msimamo. Alikuja na boksi, ndani ya boksi mna mizani ya betri, bapa kama sahani.

"Mama, ningependa tubadilishe vipimo vyote viwe vya gramu," alisema siku ya pili tu.

"Mwanangu," Jicho akamjibu huku akikoroga, "watu hawa nimeanza kuwalisha wewe hujaota meno."

Binti hakubishana. Aliirudisha mizani kwenye boksi, akaliweka boksi juu ya kabati la vyombo, na hapo likakaa. Juu yake wakaanza kuweka vitambaa vya kufutia meza.

Basi ikaja wiki ya mafua. Jicho aliamka Jumatatu pua imeziba kama imepigwa lipu, na ulimi hausikii kitu. Kwa desturi asingekwenda kazini, ila mwenzake wa zamu alikuwa likizo, na wagonjwa hawaambiwi wafunge kula mpaka mpishi apone. Akajifunga kitambaa puani na mdomoni, akaenda. Chumvi ya zamani ilikuwa imebaki ya kukwangua chini ya gunia. Akalikunja, akaliweka pembeni, akafungua gunia jipya lililoletwa Ijumaa. Chumvi nyeupe, laini, inateleza mkononi kama unga. Akaona ni maendeleo. Akachota kikombe kimoja, akamimina, akakoroga.

Saa saba mchana sista wa wodi ya wanaume akashuka mwenyewe jikoni, jambo ambalo halikuwahi kutokea.

"Mama, leo mmepika supu, au mmetuletea maji ya bahari?"

Jicho akadhani sista anatia chumvi tu. Akachota kijiko akaonja. Ulimi wake ulikuwa kama kipande cha kitambaa. Hakusikia chumvi, hakusikia nyama, hakusikia hata joto vizuri. Akamwita mwosha vyombo, mwanamume wa makamo asiyependa maneno mengi, akampa kijiko. Mwosha vyombo akameza. Akaenda kwenye bomba, akanywa glasi moja, akajaza ya pili, akainywa nayo, ndipo akarudi.

"Imekolea kidogo," akasema kwa heshima.

Sahani zilirudi kutoka wodini zimejaa kama zilivyokwenda. Jicho alizitazama zikimwagwa na akahisi kama yeye ndiye anayemwagwa.

Jumanne akawa mwangalifu kama anayevusha mtoto mchanga kijito. Alijaza kikombe, akakwangua juu kwa kisu mpaka kikawa sawasawa, hakuna punje ya ziada. Supu ikarudi vilevile. Jumatano asubuhi msimamizi wa jiko akamwita ofisini, akafunga mlango, na Jicho akajua ni maneno ya kufungiwa mlango.

"Kuna mwalimu mstaafu wodi ya shinikizo," msimamizi akasema. "Alikuwa aruhusiwe jana. Shinikizo limepanda, daktari amemrudisha kitandani siku tatu zaidi. Anauliza amekula nini." Akashusha sauti. "Mama Jicho, labda mkono umechoka. Umri haupigi hodi. Kapumzike wiki moja."

Jicho alikuwa na miaka hamsini na minne. Mkono wake ulikuwa unabeba sufuria ambayo msimamizi hangeiinua hata kwa mikono miwili. Lakini neno la mwalimu lilimkata maneno yote mengine. 

"Nipe mpaka Ijumaa," akasema. "Nikishindwa, nitakwenda mwenyewe bila kuambiwa."

Alipotoka pale alipita jikoni tu. Alichota bakuli la mboga zisizo na chumvi kabisa, akapanda nalo wodini, akasimama miguuni mwa kitanda cha mwalimu mstaafu. Alikuwa mzee mwenye nyusi nene, amelala huku anahesabu vigae vya dari.

"Mwalimu, ni mimi niliyepika ile supu," Jicho akasema. "Nimekuja kuomba samahani."

Mzee akamtazama, akalitazama bakuli, akamtazama tena. "Samahani nimeipokea. Sababu ni nini?"

"Sababu sijui."

"Ulitia nyingi kuliko siku zote?"

"Nilitia ileile. Kikombe kilekile, kijiko kilekile, sufuria ileile, maji mpaka alama ileile."

"Haiwezekani," mwalimu akasema, akajiinua kwa kiwiko. Macho yake yalikuwa yamechangamka ghafla. "Ukiijua sababu uje uniambie. Hapa nimekaa siku tisa, na habari kubwa niliyopata ni kwamba vigae ni mia moja na nne."

Jicho alishuka ngazi polepole. Alikuwa amejiandaa kusemwa. Alikuwa hata ameandaa namna ya kuinamisha kichwa. Badala yake amepewa swali, nalo lilikuwa likimkereketa kama uzi wa nyama kati ya meno.

Jikoni akaweka mambo mezani, moja moja. Kikombe: kilekile. Sufuria: ileile. Watu: walewale, kasoro waliokwenda nyumbani. Chumvi. Akasita. Akalikunjua gunia la zamani, akachota chumvi iliyobaki chini, akaiweka kwenye sahani kando ya chumvi mpya. Ya zamani ilikuwa ya mawe madogo madogo, imeparara, kama mchanga wa mtoni. Ya pili ilikuwa vumbi jeupe. Ila chumvi si chumvi? Hakuna chumvi yenye chumvi kuliko chumvi.

Kwa kuwa ulimi wake bado ulikuwa mgonjwa, akaazima ulimi wa mtaalamu wa lishe. Binti akaonja punje za huku, akaonja za kule.

"Zote sawa, mama. Chumvi tu."

"Ngoja." Jicho akajaza glasi mbili za maji, akatia kijiko kimoja cha huku, kijiko kimoja cha kule, akakoroga mpaka zikayeyuka zote. "Onja tena."

Binti akaonja ya kwanza, akatikisa kichwa kwa kukubali. Akaonja ya pili, uso ukamkunjamana. "Hii kali zaidi! Kali mno."

Wakatazamana. Chumvi ileile, kijiko kilekile, maji yaleyale; moja kali, nyingine si kali.  Macho ya binti, bila yeye kupenda, yalipanda mpaka juu ya kabati la vyombo. Jicho akayafuata.

"Haya," akasema. "Ishushe."

Yule binti, sifa yake apewe, hakutabasamu. Aliondoa vitambaa, akalipangusa boksi, akaitoa mizani na kuiweka mezani. Akaweka juu yake kikombe cha bati kikiwa kitupu, akabonyeza kitufe, na namba ikarudi sifuri.

"Kikombe kimekwenda wapi?" Jicho akauliza.

"Kipo, mama. Ila mizani imeambiwa isikihesabu."

"Ina adabu," Jicho akasema, akainama karibu.

Kikombe cha chumvi ya mawe: gramu mia mbili na kumi na nane. Wakaimwaga, wakafuta kikombe, wakajaza chumvi laini na kuikwangua kwa kisu: mia mbili tisini na saba. Jicho akavaa miwani yake ya kusomea, akatazama tena. Akamwaga, akajaza upya. Mia mbili tisini na tano. Ni kama mtu kumwalika mgeni mmoja, akaja na theluthi ya mgeni mwingine amefichwa chini ya koti.

"Imejificha wapi?" akauliza. "Kikombe kimejaa huku, kimejaa kule."

"Ni hewa, mama," binti akaanza kueleza, lakini jiko lilikuwa linachemka na chakula cha jioni kinasubiri, na maelezo yakaishia njiani.

Nyumbani jioni alimkuta mumewe, fundi seremala, amekaa kibarazani anakung'uta viatu. Alimsimulia yote, mpaka ile ya kitufe.

"Baba watoto, hebu niambie. Hewa inawezaje kukaa ndani ya chumvi?"

Mumewe hakuwa mtu wa kujibu haraka. Alimaliza kiatu kimoja. "Unaona maranda yangu, yale mapindopindo yanayotoka kwenye randa? Gunia zima nalinyanyua kwa kidole. Gunia hilohilo ukilijaza unga wa mbao, ule wa msumeno, linakuvunja kiuno. Na mti ni mmoja." Akachukua kiatu cha pili. "Maranda hayakai yakashikana. Yanaachiana nafasi. Unga wa mbao unajipanga."

 Jicho akacheka, kicheko kilichomtoka puani pamoja na mafua. "Kumbe ndiyo sababu wanasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi! Kanda ni kubwa kama la mahindi, wewe unalitazama tu ukubwa."

"Na haba na haba hujaza kibaba," mumewe akaongezea, naye sasa ameonja utamu wa jambo, "lakini hakuna aliyesema kikishajaa kina kilo ngapi."

Alhamisi Jicho alipima chumvi kwa mizani. Gramu mia mbili ishirini, za laini. Ndani ya kikombe zilifika chini ya ukingo, zikaonekana chache, na mkono wake wa miaka ishirini na mitatu ulitaka sana kuongeza. Aliurudisha mfukoni. Kwa wodi ya shinikizo akapima ishirini na sita, uzito wa vijiko viwili vya ile ya mawe, si punje zaidi. Saa saba sahani zilirudi tupu. Mwosha vyombo alionja bila kuombwa, akarudia, na hakwenda bombani.

Msimamizi aliambiwa sababu, akaonyeshwa namba. Akazitazama muda mrefu kisha akasema, "Mimi ndiye niliyebadilisha chumvi. Nilidhani ni ileile." Neno la mkono kuchoka halikusemwa tena, na Jicho hakumdai alimeze, alikuwa na haraka ya kwenda wodini.

Alipanda na vifuko viwili vya nailoni, kila kimoja kikombe kimoja cha chumvi, akamwekea mwalimu mstaafu kimoja kila kiganja. Mzee akafumba macho, akainua mkono huu, akashusha ule, kama mizani ya kale. "Huu wa kulia ni mzito!" akasema kwa sauti, mpaka wa kitanda cha jirani akageuka. Aliyataka maelezo mara mbili, ya hewa na ya maranda, kisha akataka kujua kama ni hivyo hata kwa vitu vingine.  Jumamosi mzee aliruhusiwa, akaenda zake, na swali akaliacha pale.

Ndipo Jicho akashikwa nalo. Alinunua daftari la mistari, na kila siku baada ya chakula cha mchana, wengine wakinyoosha miguu, yeye na binti wa lishe walipima. Mchele kikombe kimoja, mia moja tisini na nane. Sukari mia mbili na kumi na mbili. Maharage, ambayo aliona kwa ukubwa wake yangekuwa mababe, mia moja na tisini. Yanaachiana nafasi mno. Maji mia mbili na hamsini kamili, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya kumi, hayana ujanja. Maziwa mia mbili hamsini na saba.

Mafuta ndiyo yaliyomshangaza. Maisha yake yote alikuwa akisema mafuta ni mazito. Yanamiminika taratibu, yanashika kijiko, huwezi kuyaita mepesi. Mizani ikasema mia mbili ishirini na tisa, chini ya maji. Akayapima tena. Ishirini na tisa.

"Ni mazito, lakini ni mepesi," akamwambia binti, akacheka peke yake. "Kwa hiyo uzito tulionao mdomoni na uzito wa mizani si ndugu."

"Si ndio maana yanaelea, mama?"

Jicho akasimama wima. Miaka ishirini na mitatu alikuwa akiyaona mafuta yakielea juu ya supu kila siku ya Mungu, na hakuwahi kuyauliza kwa nini.

Kisha wakafika kwenye unga wa ngano, na hapo daftari likaharibika. Mara ya kwanza, mia moja ishirini na nne. Akarudia ahakikishe: mia moja hamsini na moja. Akarudia: mia moja thelathini na nane. Mara ya nne, mia moja sitini na sita.

"Mizani inaumwa," akasema. Akaijaribu kwa maji: mia mbili na hamsini. Mizani nzima, unga ndio mwongo.

Akaacha kupima, akaanza kujitazama anavyopima. Akiunyunyiza unga kikombeni kwa kijiko na kukwangua juu, ni mia na ishirini na kidogo. Akichovya kikombe ndani ya gunia, ni mia na hamsini na ushee. Akikigonga mezani ili unga ukae, akajazia, unapanda. Akiushindilia kwa kiganja, hauna mwisho. Akamwita mwosha vyombo ajaze chake, kisha binti ajaze chake. Watu watatu, kikombe kimoja, namba tatu. Na kila mmoja, akirudia kwa desturi yake, alirudi karibu na namba yake mwenyewe, kama mtu na mwandiko wake.

Jicho alikaa chini juu ya ndoo iliyofunikwa. Kuna mtu alikuwa amemwingia akilini, na hakuwa mtu wa hospitali.

Mtu huyo alikuwa wifi yake, dada mdogo wa mumewe, mshonaji wa mapazia, aliyekaa mtaa wa tatu kutoka kwao. Zamani walikuwa wakiitana kila siku. Mama mkwe, kabla hajafariki, aliwakalisha wote wawili kwenye meza moja na kuwatajia keki yake: unga vikombe vitatu, sukari kimoja na nusu, siagi, maziwa, mayai matatu. Waliandika neno kwa neno. Keki ya Jicho ilitoka laini. Ya wifi yake ilitoka ngumu, ukiidondosha, inalia. Alijaribu tena na tena, ikawa hivyo hivyo. Mwaka wa kwanza wakacheka. Mwaka wa pili, kwenye kikao cha ndugu, mbele ya watu, wifi akaweka kisu chini na kusema, "Mama alikuwa na siri yake. Ila mimi damu yake hakunipa. Alimpa mke wa mtoto."  Tangu hapo, miaka kumi na moja, walisalimiana vizuri mno, kama watu wanaopanga foleni moja.

Jumamosi iliyofuata Jicho aliomba mizani kwa binti wa lishe, akaifunga kwenye kanga, akaenda mtaa wa tatu.  Hakuwa anakwenda kushinda. Alitaka tu kujua, na alijua kwamba kwa macho ya mtu aliyeumia, hayo mawili yanafanana.

Wifi alimfungulia akiwa na futi shingoni na pini mdomoni. Akazitoa pini moja moja.

"Karibu, wifi. Kuna msiba?"

"Hakuna. Nina swali, si ugomvi. Una unga?"

Chumba kilijaa vitambaa mpaka dirishani. Walisukuma pazia la kijani pembeni, wakapata pembe ya meza. Jicho akaweka mizani, akaeleza kitufe. Kisha akasema, "Nijazie vikombe vitatu, kama unavyofanya siku zote. Usinitazame mimi."

Wifi akashuku mtego, lakini mikono yake ilikuwa ya kazi na haikusubiri ruhusa. Akachovya kikombe ndani ya mfuko, akakigonga mezani, tak-tak, akachovya tena ili kijae vizuri. Mia moja hamsini na saba. Cha pili, mia na sitini. Cha tatu, hamsini na tano. Jicho akaandika: jumla mia nne sabini na mbili. Kisha yeye, kwa kikombe hichohicho, akajaza vya kwake kwa kijiko, unga ukidondoka kama manyunyu. Mia moja ishirini na tatu, ishirini na moja, ishirini na tano. Jumla mia tatu sitini na tisa.

Wifi alilivuta daftari kwake. Alikuwa hodari wa kutoa, kazi yake ni kutoa sentimita mchana kutwa. "Mia moja na tatu," akasema. "Mimi naweka unga zaidi yako gramu mia moja na tatu."

"Karibu kikombe changu kizima."

"Miaka yote hii nimekuwa naoka keki ya vikombe vinne." Akalifunga daftari, akaliwekea kiganja juu. Alitazama ukutani, si mbali. "Nilikuwa najaza vizuri. Nilidhani ukipimia kitu cha mama, unajaza vizuri."

Jicho akapangusa unga uliomwagika mezani.

"Kwa hiyo hakunificha," wifi akasema.

"Hakukuficha. Alisema vikombe vitatu, akadhani amesema yote."

 Nje mtu alipita akiita jina la mbuzi au la mtoto, hawakujua. Kisha wifi akageuka, na sauti yake ilikuwa nyingine, ya zamani, ya mtaa mmoja. "Sasa yeye alikuwa anajazaje?"

Wote wawili wakafumba macho wakimtafuta yule mama mezani kwake. Jicho alimwona akiwa na kijiko. Wifi aliapa alichovya. Wakampigia simu mwenye kumbukumbu ya tatu, naye fundi seremala akajibu kwamba yeye anachokumbuka ni kulamba bakuli.

"Njoo hapa," dada yake akamwamuru. "Tuna kazi ya mdomo wako."

Walioka keki tatu ndogo, kila moja theluthi ya kipimo. Moja ya unga wa gramu mia moja ishirini na tatu, wa mkono wa Jicho. Moja ya mia moja hamsini na saba, wa mkono wa wifi. Na moja, kwa wazo la wifi, ya katikati, mia moja na arobaini. Kwenye mayai wakakwama, maana kila keki ilitaka yai moja, na walipoyapima moja lilikuwa hamsini na moja, jingine sitini na tatu. Wakayapima yote ya trei, kama watoto, mpaka wakapata matatu yanayokaribiana.

Fundi seremala akakalishwa uso ukutani. Alipewa vipande bila kuambiwa. Cha kwanza, cha mkewe, alikila akasema, "Nzuri, ya nyumbani." Cha dada yake alikitafuna kwa muda, akaomba chai. Cha tatu alikiweka mdomoni. Akakimeza. Akanyoosha mkono nyuma, bila kugeuka.

"Nipeni tena hicho," akasema. "Hicho ni cha mama."

"Anasema chochote akiwa na njaa," wifi akanong'ona. Wakamchanganyia. Wakampa cha Jicho, akatikisa kichwa kukataa. Wakampa cha katikati mara mbili mfululizo kama vitu viwili tofauti; akasema, "Mnanichezea, hiki na hiki ni kimoja, vyote cha mama." Hata alipogeuka, hakuwa anacheka.

Basi miaka kumi na moja mmoja aliitwa mwenye siri na mwingine akajiona amenyimwa, na kumbe hakuna kati yao aliyewahi kuoka keki ya yule mama. Jicho aliliona hilo likimwingia pole pole, na kwa mshangao wake halikumuuma. Alichukua kipande cha katikati, akakionja. Mafua yalikuwa yamepona. Kilikuwa kizito kidogo kuliko chake, kimekaza kidogo, na ndani yake kulikuwa na kitu alichokuwa amekisahau kabisa, yaani alikuwa hata hajui kwamba amekisahau.

"Andika," wifi akamwambia. "Mia nne na ishirini, kwa keki nzima. Andika na tarehe."

Siku hizi ukutani jikoni mwa hospitali kumebandikwa karatasi mbili za vipimo vya gramu, zimepigwa chapa na binti wa lishe, zimefunikwa plastiki zisilowe. Mwenzake Jicho wa zamu aliporudi kutoka likizo alizisoma na kuguna, akasema mapishi si duka la dawa. Jicho hakumbishia. Alimpa kikombe na mfuko wa unga, akamwambia ajaze mara nne, kisha akaenda kukagua maharage.

Na wifi hupiga simu. Hupiga saa za kazi, bila salamu ndefu, nyuma yake cherehani inasikika ikipumua. Jumanne iliyopita alitaka kujua kikombe cha asali kina gramu ngapi.

"Sijui," Jicho alisema. "Hebu kisia."

"Mia tatu?"

"Mimi nasema mia mbili na themanini. Usikate simu."

Akaiweka simu juu ya meza, akaenda stoo kutafuta asali.